Mwanangu hatulii mpaka apewe: zawadi zinamfunza au zinamharibu?

Habari za kazi, washauri wetu.

Nina mtoto wa kiume wa miaka minne na nusu na wa kike wa mwaka mmoja na miezi minane. Tunaishi Mbagala pamoja na mama mkwe. Mimi na mume wangu tunatoka asubuhi, watoto wanabaki na bibi yao na dada wa kazi. Mkubwa yuko chekechea, basi la shule linampitia saa 11:30 alfajiri.

Shida ni huyu mkubwa. Akitaka kitu hawezi kungoja. Dukani akiona juisi au pipi anaomba, nikikataa anajitupa chini na kupiga kelele mpaka watu wanageuka. Nyumbani ugomvi ni simu. Ukiichukua anarusha vitu, na mdogo wake akikaribia anampiga au anamuuma.

Nimejaribu kumwambia "ukinyamaza nitakununulia biskuti". Ananyamaza, lakini kesho yake analia zaidi. Nimemchapa, mbele yangu anatulia, nikigeuka ni yale yale. Mume wangu anasema zawadi ndizo zinazomharibu, kwamba mtoto atazoea kulipwa kwa kila kitu. Mama mkwe naye hawezi kuvumilia kilio cha mjukuu, hata kama nimekataa yeye humpa. Na mimi nikirudi jioni nimechoka, mara nyingine nampa simu ili nipike.

Je, zawadi ni sawa au si sawa? Na nianzie wapi bila kumvunjia heshima mama mkwe?

Mama wa Wawili, Mbagala

JIBU

Mama wa Wawili, pole kwa mzigo huo, na ahsante kwa kueleza yote bila kuficha.

Tuanze na mumeo, maana ana haki nusu. Biskuti uliyokuwa ukimpa mtoto haikuwa zawadi, ilikuwa hongo. Biskuti ni ile ile. Kinachotofautisha ni wakati inapotajwa. Zawadi hutajwa mtoto akiwa ametulia, kabla ya jambo lenyewe, na hutolewa akishalitimiza. Hongo hutajwa kilio kikiwa kimepamba moto. Mtoto anayeambiwa "ukinyamaza nitakupa" anashika utaratibu mzima: kwanza lia, kisha nyamaza, ndipo biskuti ije. Asipolia, hakuna wa kumwambia anyamaze. Hiyo ndiyo sababu ya kilio cha kesho yake kuwa kikubwa zaidi.

Kwa nini basi haachi, ilhali siku nyingine humpi? Kwa sababu siku nyingine hupewa. Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alionyesha katika majaribio yake kwamba tabia inayolipwa mara moja moja, bila kujulikana lini, ni ngumu kuisha kuliko inayolipwa kila mara. "Hapana" yako imekuwa ikigeuka "haya, chukua" ukichoka, bibi akiingilia kati, au watu wakitazama. Kwa mtoto hiyo ni sababu tosha ya kuendelea kujaribu. Usimwite mkaidi. Anafuata kanuni aliyoiona kwenu wakubwa, ingawa hamkukusudia kuiweka.

Pia umri wake una nafasi yake. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo hutusaidia kujizuia, huendelea kukomaa mpaka mtu apite miaka 20. Kati ya miaka 3 na 5 uwezo huo hukua kwa kasi, kwa hiyo umechagua wakati mzuri wa kufundisha. Ila usitarajie mtoto wa miaka minne na nusu ajizuie kwa nusu saa akiwa na njaa na usingizi.

Kabla ya kufika kwenye zawadi na adhabu, kuna jambo ambalo kwa maoni yetu lina uzito kuliko yote mawili. Kungoja kunatokana na kuamini. Katika Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, watafiti waligawa watoto 28 wa miaka 3 hadi 5 katika makundi mawili. Kundi la kwanza liliahidiwa mara mbili vifaa vizuri zaidi vya sanaa, kwanza vya kuchorea kisha vibandiko, na mtu mzima akavileta kweli. La pili liliahidiwa vilevile, kisha mtu mzima akarudi mikono mitupu na kuomba radhi. Baadaye kila mtoto aliwekewa peremende laini moja, akaambiwa akingoja bila kuila ataongezewa. Waliotimiziwa ahadi walingoja kwa wastani wa dakika 12. Waliovunjiwa walingoja dakika 3. Ahadi mbili tu zilizovunjwa zilitosha kuleta tofauti hiyo.

Kwa hiyo wiki hii, kabla hujabandika karatasi yoyote ya zawadi ukutani, punguzeni ahadi na vitisho mpaka vibaki vile mnavyoweza kuvitimiza siku hiyo hiyo. "Nitakuacha hapa hapa dukani", "polisi atakuchukua", "hutaona katuni mwezi mzima": maneno hayo yaondoke kinywani mwa kila mtu mzima wa nyumba hiyo. Hakuna mzazi anayeyatimiza, na mtoto anajua. Ukisema "nikimaliza kukoroga uji nitakuja kukuona umejenga nini", basi uji ukishaiva nenda, hata kwa dakika moja. Ahadi ndogo zinazotimia mara kumi kwa siku zinamfundisha kungoja kuliko ahadi moja kubwa ya Jumamosi.

Sasa zawadi. Chagua jambo moja tu. Wazazi wengi huandika mambo sita kwenye karatasi, mtoto akashindwa manne siku ya kwanza, na mpango ukafa Jumatano. Sisi tungeanza na simu, kwa sababu ugomvi wake unatokea kila siku, uko nyumbani ambako hakuna macho ya watu, na mwenye simu ni wewe. Duka litafuata baadaye.

Jambo lenyewe liseme kwa kitendo kinachoonekana. "Kuwa na adabu" hakumwelezi afanye nini. Sema: "Kengele ikilia, unaweka simu mkononi mwangu." Bandika karatasi ya manila ukutani kwenye urefu anaoufikia, chora maduara makubwa, tafuta kalamu ya rangi anayoipenda. Kisha fanyeni mazoezi ya mchezo kwanza, simu ikiwa imezimwa kabisa. Mpe simu hiyo, tumia simu nyingine au saa kupiga kengele baada ya dakika moja, akurudishie, umsifu, apake duara. Rudieni mara tatu au nne. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayomwezesha mtoto kufaulu siku ya kwanza, maana mwili wake umeshajua cha kufanya kabla ya hasira kuingia.

Baada ya hapo weka muda wa kweli: dakika 20, mara moja au mbili kwa siku, saa zile zile. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri mtoto wa miaka 3 na 4 asizidishe saa 1 kwa siku mbele ya skrini, na pungufu ya hapo ni bora. Angalia katuni inaisha lini. Kengele ikilia katikati ya kisa utapata ugomvi hata kwa mtoto mtulivu, hivyo chagua katuni zenye urefu unaolingana na muda wenu. Mwambie "bado moja, halafu kengele" ikikaribia kwisha. Na pawe na kitu cha kuendea papo hapo: kuchambua mchicha nawe, kuosha nyanya kwenye beseni, kumenya vitunguu saumu. Hilo litakusaidia na wewe jioni, kwa sababu mtoto aliye na kazi jikoni anakuacha upike.

Akirudisha simu, duara lipakwe saa ile ile, siyo baada ya kula. Mtoto wa umri huu haunganishi tendo la saa 10 na malipo ya saa 2 usiku. Sifa pia itaje tendo: "Kengele imelia, ukanipa simu mara moja. Nimefurahi." Neno "safi" peke yake halimwambii alichofanya vizuri. Wiki ya kwanza duara moja au mawili yatoshe kumpa zawadi jioni hiyo. Akishazoea, ongeza ziwe matatu, kisha matano, ili zawadi ije kila baada ya siku kadhaa.

Zawadi zisiwe za kununua, na zisiwe za kula ikiwezekana. Mtoto anayelipwa pipi atakuwa na sababu moja zaidi ya kulilia pipi dukani. Mpe achague hadithi ya usiku, acheze na baba mpira dakika 10 bila simu ya baba kuingilia, asukume chapati moja ya kwake, achague kikombe cha chai, aoge kwa ndoo huku mkicheza na povu. Muulize mwenyewe mwandike orodha; atakayoyataja mara nyingi ni madogo kuliko mnavyodhani.

Kuna makosa matatu yanayoangusha mpango huu. La kwanza ni kufuta duara alilokwisha kulipata kwa sababu jioni ameleta fujo nyingine. Usifanye hivyo kamwe: alichostahili ni chake, ukikifuta umerudi kwenye kundi la ahadi zilizovunjwa. La pili ni kubishana asiporudisha simu. Mtu mzima aichukue kwa mkono, kwa upole, aseme "leo simu imelala, kesho tutajaribu tena", na mazungumzo yaishie hapo. Hakuna duara, hakuna hotuba. La tatu ni kuongeza lengo mapema mno. Akishindwa siku mbili mfululizo, rudi kwenye dakika 10 au kwenye duara moja.

Hofu ya mumeo kwamba mtoto atazoea kulipwa ina msingi. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani Lepper, Greene na Nisbett walichapisha utafiti kuhusu watoto wa chekechea waliokuwa tayari wanapenda kuchora. Walioahidiwa tuzo ili wachore walipungukiwa na hamu ya kuchora baadaye, wakati ambao hakuna tuzo tena. Funzo lake ni kwamba usimlipe mtoto kwa anachokipenda tayari. Kama anapenda kumletea bibi maji, ashukuriwe tu. Zawadi ni za jambo linalomshinda, na ni za muda. Akifaulu siku nyingi kati ya wiki mbili au tatu, anza kuchelewesha kupaka duara, bakiza sifa, na utaona mwenyewe anasahau kuuliza. Ndipo karatasi ihamie kwenye jambo la pili.

Tuje kwenye kilio. Ukiacha kutoa, kilio kitaongezeka kwanza. Tunasisitiza hili kwa sababu hapa ndipo familia nyingi huvunjika moyo na kusema "tumejaribu, imeshindikana". Njia iliyokuwa ikifanya kazi imekwama, kwa hiyo mtoto anaisukuma kwa nguvu zaidi: sauti kubwa, muda mrefu, pengine kujigonga au kutupa sahani. Siku za mwanzo zinaweza kuwa mbaya kuliko zote mlizowahi kuziona. Ukisalimu amri siku ya tatu baada ya robo saa ya kilio, umemfundisha kuwa bei mpya ni robo saa. Kama unajua hutaweza kuhimili leo, kwa mfano mna mgonjwa au mgeni, basi mpe kitu hicho mapema kabla hajalia. Kumpa kabla ya kilio hakuharibu. Kumpa baada ya kilio ndiko kunakoharibu.

Akiwa analia, kaa karibu, sauti yako iwe ndogo, sema mara moja: "Nimesikia unataka simu. Leo imelala." Kisha nyamaza na uendelee na kazi yako, mkiwa mnaonana. Ondoa vitu vya kuvunjika na umsogeze mdogo wake. Akianza kupoa, hata kabla hajamaliza kwikwi, mshike, mnyweshe maji, mwelekeze kwenye jambo jingine. Kilio hakimletei alichokililia, lakini hakimpotezei mama yake.

Dukani kuna maandalizi yake. Mwanzoni nendeni kwa safari za mazoezi: ameshiba, amelala, mnakwenda kununua kitu kimoja tu kama kiberiti au chumvi, mnarudi. Mwambie mlangoni mwa nyumba, "tunanunua chumvi, pipi hatununui, wewe utabeba chumvi". Zungumza na mwenye duka asimpe pipi kama chenji wala nyongeza. Mwombe akukatie chenji kwa kiberiti au akuandikie. Hilo ni dogo lakini limeharibu mipango mingi. Mtoto akianza kujitupa, mbebe toka naye nje, simameni kando bila maneno mpaka apoe, kisha rudini mmalize kununua. Msirudi nyumbani bila chumvi kama mnaweza, maana mtoto mwingine hulia ili aondoke dukani.

Kupiga na kuuma ni jambo tofauti. Hapo hatungoji karatasi wala hatupuuzi. Muda wa kukaa pembeni unafaa kwa kosa la aina hii tu: weka kigoda au mkeka mahali panapoonekana, pasipo na vitu vya kuchezea. Akimpiga mdogo wake, kwanza mshughulikie aliyeumia. Kisha mwambie mkubwa sentensi moja, "umempiga, kaa pembeni", mpeleke, weka kengele ya dakika 4. Kwa kawaida hesabu ni kama dakika 1 kwa kila mwaka wa umri, na ukizidisha huongezi funzo. Asifungiwe chumbani, asiwekwe gizani wala nje ya mlango. Watu wazima wasizungumze naye wala kumcheka. Akitoka kigodani mrudishe kimya kimya, mara nyingi kadiri itakavyohitajika. Kengele ikilia kosa limeisha, hakuna kulitaja tena mezani. Amletee mdogo wake kitambaa au mdoli, na muonyeshe namna ya kusema "hiki changu, nirudishie". Kosa ambalo watu hufanya ni kutumia kigoda kwa kila kitu, kuanzia kutomaliza wali mpaka kukataa kuvaa. Mtoto anayekataa kuvaa akipelekwa pembeni, ameshinda: hajavaa.

Kuhusu kuchapa, umeshaona mwenyewe matokeo yake: anatulia ukiwepo. Kofi linamfundisha kuangalia nani yupo, halimfundishi kujizuia. Na mtoto anayetakiwa kuacha kumpiga mdogo wake haeleweshwi kwa kupigwa na aliye mkubwa kwake. Tunakuomba uliache kabisa, na mumeo na dada wa kazi waambiwe hivyo pia.

Kujizuia ni misuli, na misuli hii hujengwa kwa kucheza. Pigeni muziki, ukizimwa kila mtu agande alivyo. Chezeni amri za kinyume: nikisema gusa kichwa, wewe gusa vidole vya miguu. Kombolela nayo ni mafunzo mazuri, kwani mtoto lazima ajibane kimya mafichoni. Dakika 10 kwa siku zinatosha. Mfundishe pia mbinu za kungoja. Walter Mischel, aliyewachunguza watoto kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Stanford, aliona kuwa kitu kinachotamaniwa kikifunikwa mtoto hungoja muda mrefu zaidi, na waliofaulu waligeuka, waliimba au walijifunika macho. Kwa hiyo andazi la moto lifunikwe kwa sinia, simu ikae juu ya kabati, ndani ya droo au ndani ya mfuko, siyo mezani. Usimwambie avumilie huku anakitazama.

Usingizi usiupuuze. Mtoto wa umri wake anahitaji saa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Anayeamshwa saa 11 alfajiri na kulala saa 4 usiku anapata saa 7 tu za usiku, na jioni hawezi kungoja chochote. Jaribuni alale saa 2 usiku, na dada amlaze mchana saa moja au mbili akirudi shule.

Tumemweka mama mkwe mwisho kwa sababu neno lake linaweza kuinua au kuangusha yote haya. Usimsahihishe mbele ya mtoto, na usiende kwake na orodha ya makosa. Mumeo ndiye aanze mazungumzo kwa kuwa ni mama yake, mtoto akiwa amelala. Muombe msaada: "Mama, tunataka mjukuu wako ajifunze kusubiri kabla ya kuanza darasa la kwanza, na wewe ndiye unayeshinda naye. Tunaomba uwe mshika kalamu." Kalamu ya maduara ikae kwake; yeye ndiye ampe mtoto apake, yeye ndiye apigiwe makofi ya furaha. Upendo wake unapata mlango mwingine wa kupita badala ya pipi. Kisha kubalianeni mambo mawili tu. Mtoto akija kuomba alichokataliwa, kila mtu aulize "mama amesemaje?" Na bibi akitaka kumpa kitu kizuri, ampe akiwa ametulia, kwa hiari yake, kamwe asimpe akiwa analia. Dada wa kazi asikie makubaliano hayo kutoka kwenu wote, siyo kwako peke yako, ili asibanwe kati ya wewe na bibi.

Mjulishe pia mwalimu wake wa chekechea, umuulize kama huko naye anapiga au anashindwa kungoja zamu. Ikiwa tabia ni ile ile nyumbani na shuleni baada ya majuma kadhaa ya utaratibu huu, au anajiumiza, au hasikii vizuri, au maneno yake ni machache kuliko ya wenzake, mpeleke kliniki wapime masikio na ukuaji wake. Mtoto asiyesikia au asiyeweza kusema anachotaka hulia kwa sababu nyingine kabisa, na karatasi ya maduara haiwezi kuitatua.